Sentensi Ambayo Hakuna Aliyeisema

Vijana wangu, mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyoipokea akili mnemba pale redioni kwetu Bariadi kabla sijastaafu. Nimekaa na karatasi hii siku tatu. Kila nikitaka kuanza na mambo mazuri, mkono unanipeleka Zagayu, kwenye boma la mama mmoja mjane, na mwili unanisisimka kama jambo lenyewe limetokea asubuhi hii. Basi nitawasimulia hilo. Mengine mtayaokota njiani.

Mimi ni Milembe. Nimefanya kazi ya habari miaka thelathini na mmoja, ya mwanzo nikiwa mwandishi, ya mwisho nikiwa mhariri. Nilipoanza, mkoa wa Simiyu haukuwapo. Bariadi ilikuwa wilaya ya Shinyanga, na habari zangu zilisafiri kwa basi. Sitanii. Nikiwa vijijini narekodi kwenye kaseti, nafunga kaseti kwenye bahasha, nampa kondakta, naye anaipeleka kwa mhariri Bariadi. Safari moja kondakta aliifungua bahasha, akaitia kaseti kwenye redio ya basi, akakuta mwanzoni kuna ngoma. Akaipenda. Habari yangu ya kipindupindu ikachezewa abiria wiki nzima kabla haijamfikia mhariri, na nasikia kuna abiria waliokuwa wanaomba irudiwe.

Mhariri wangu wa kwanza aliitwa Mzee Nkwabi. Alikuwa mtu mfupi, mpole, na skripti alizisoma akiwa amesimama. Nilipomuuliza kwa nini hakai, alisema ukikaa unaanza kuamini unachosoma. Mimi nilidhani ni mgongo unamsumbua.

Kosa langu kubwa la ujana lilikuwa kumuua mzee mmoja wa Ngulyati, Mzee Maduhu. Nilimuua kwa kalamu. Mkokoteni wake ulipinduka akitoka mnadani, na watu wawili niliokutana nao njiani wakaniambia amefariki. Walikuwa watu wazima, wanaheshimika, wote wawili wamesema kitu kimoja. Nikaandika. Baada ya siku mbili Mzee Maduhu akaingia ofisini kwa miguu yake, mkono umefungwa kitambaa, akaketi, akasalimia kila mtu, kisha akasema, "Nimekuja kuulizia mazishi yangu ni saa ngapi. Nyumbani kila mtu anasema lake."

Ofisi nzima ilicheka. Mzee Nkwabi hakucheka. Aliniuliza neno moja tu: "Ulimwona?"

"Walimwona wengine, Mzee."

"Nenda kwake."

Nilikwenda. Nilimkuta mkewe amenyoa kichwa. Alikuwa ameshanyoa kwa msiba wa mume aliye hai, kwa sababu alikuwa kwa wazazi wake na redio ndiyo iliyompa taarifa. Alinitazama, akajishika kichwa kile kitupu. Nilirudi Bariadi nikiwa nimeapa kwamba sitaandika tena jambo ambalo sijui limetoka mdomoni mwa nani. Nilikitimiza kiapo hicho kwa miaka mingi, au nilidhani nakitimiza.

Sasa tuje huku karibuni.

Limi aliletwa kwetu akiwa ametoka chuo Mwanza. Binti wa hapa hapa Bariadi, mwembamba, anatembea haraka, anauliza maswali mazuri. Mwandishi anayeuliza vizuri ni wa kushikwa kwa mikono miwili, kuandika atafundishwa. Siku moja tulikuwa tumetoka wote kwenye kikao cha wakulima wa pamba. Tumefika ofisini, hata maji sijanywa, akaniuliza, "Mama, unataka maneno mangapi?"

"Ya nini?"

"Habari ya kikao."

"Limi, kikao kimeisha sasa hivi."

"Najua, Mama. Mangapi?"

Nikamwambia mia mbili, nikageuka kutafuta miwani yangu kwenye pochi. Nilipoivaa, habari ilikuwa tayari kwenye kompyuta. Ina kichwa, ina utangulizi, ina maneno ya mwenyekiti, na imemalizika vizuri. Nikasoma. Nikasoma tena. Herufi zote zilikuwa mahali pake. Nilijisikia kama fundi cherehani aliyeona kitambaa kimejikata na kujishona chenyewe mezani. Nikamuuliza, "Nani kaandika hii?" Akasema, "Akili mnemba, Mama. Mimi nimeipa nukuu zangu tu." Alisema kwa furaha, kama mtoto anayemwonyesha mzazi cheti. Mimi nikatoka nje kwenye kibaraza, nikasimama pale nisijue nimetoka kufanya nini.

Lakini watu tunazoea upesi sana, na hilo nalo linanishangaza. Ndani ya miezi miwili nilikuwa siwezi kukaa bila mashine hiyo. Hotuba ya saa mbili ya kiongozi, inakupa mambo matano yenye maana, na mara nyingine inakuambia ni mawili. Barua za wasikilizaji inazipanga. Kiswahili changu chenye Kisukuma ndani yake inakinyoosha. Mimi huyu niliyeandika kwa mkono hadi kidole kikaota sugu nilikuwa naizungumzia kwenye vikao kama mkwe mzuri.

Kulikuwa na siku tulimrekodi mzee mmoja mkulima, tukaipa sauti iigeuze maandishi. Mzee alianza kwa salamu za kwetu, mwangaluka, mhola, kama mtu yeyote mwenye adabu. Mashine ikatuletea habari iliyoanza hivi: "Wakazi wa vijiji vya Mwangaluka na Mhola wamelalamikia ubora wa dawa za pamba." Tulicheka hadi msomaji wa habari akashindwa kuingia hewani kwa wakati. Wiki nzima tukawa tunaulizana, "Wewe kwenu Mwangaluka au Mhola?"

Tulicheka, vijana. Hakuna hata mmoja wetu aliyekaa akasema: hii kitu imeunda vijiji viwili kutoka hewani na kuvijaza watu wanaolalamika. Ilikuwa imetuonyesha mapema kabisa inachoweza kufanya, nasi tukaifanya kichekesho.

Mwanzo wa masika ng'ombe walianza kufa Zagayu, kule Itilima. Limi alikwenda asubuhi kwa pikipiki. Alifika kwa mama mmoja mjane, mtu mzima, aitwaye Mayu Kwandu. Nyie mnaotoka mbali, mayu kwetu ni mama, na ukimwita mwanamke mzima bila neno hilo umemvunjia heshima. Huyu ndiye ambaye ng'ombe wake walitangulia kufa. Alimpokea Limi vizuri, akampa maziwa ya mgando, akamweleza kwamba ng'ombe wanavimba tezi, wanahema kwa shida, wanaanguka. Akasema wanaomba afisa mifugo aje upesi. Basi, hayo ndiyo aliyosema. Limi aliyaandika kwenye daftari kwa sababu upepo uliharibu sauti.

Alirudi ofisini zikiwa zimebaki dakika chache kabla ya taarifa ya saa saba mchana. Nukuu zake zilikuwa nusu ukurasa. Nilimwambia mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, "Mbona nyembamba? Iongeze nyama kidogo." Limi akaipa mashine zile nukuu, akaiandikia iifanye habari iwe ndefu na yenye kugusa hisia. Ikafanya. Akaniletea.

Nilisoma nikiwa nimekaa.

Ilikuwa habari nzuri. Ilianza na vumbi la zizi tupu. Ilikuwa na mama aliyefuta machozi kwa pembe ya khanga. Katikati yake kulikuwa na maneno haya, nayajua kwa moyo hadi leo: "Kikongwe huyo alisema kati ya ng'ombe wake ishirini na wawili amebakiwa na tisa tu. Baadhi ya majirani wanavihusisha vifo hivyo na imani za kishirikina, wakidai ugonjwa ulianzia katika zizi la kikongwe huyo kabla ya kuhamia kwa wengine."

Nilibadilisha neno moja la mwanzo, nikaongeza koma, nikasaini. Nilimwambia Limi, "Leo umeandika." Msomaji akaichukua, ikaenda hewani, na jina la Mayu Kwandu likatajwa mara tatu.

Hebu niwaoneshe nilichopaswa kukiona, maana hiki hamtafundishwa chuoni. Mfugaji wa huku kwetu hamtajii mgeni idadi ya ng'ombe wake. Hata umkamue kama limau hakwambii. Anaona ni kama kuwaita mabaya waje kuwahesabu pamoja nawe. Ukitaka kujua idadi unafika wanaporudi malishoni, unakaa pembeni, unaongea habari za mvua, huku macho yako yanahesabu. Mimi nimezaliwa kwenye zizi. Sentensi ile ya ishirini na wawili ilikuwa inanipigia kelele kwamba hakuna mtu aliyeisema, nami nikapita juu yake kwa sababu ilikuwa imeandikwa vizuri. Kama ningeishika hiyo ya ng'ombe kuwa ni ya uongo, ningeishika na ile iliyofuata. Sikuishika.

Dakika ishirini baadaye simu yangu ililia. Alikuwa Sitta, mtendaji wa kijiji. Namfahamu, kijana mtaratibu, haongei kwa sauti. Siku hiyo alikuwa anapaza sauti na nyuma yake nasikia yowe. Wasukuma wanajua ni yowe gani nasema, lile la kuwaita wanaume watoke na fimbo zao.

"Mama Milembe, nani kawaambia habari ya uchawi?"

"Uchawi gani?"

"Redio yenu! Imesema majirani wanasema ni Mayu Kwandu. Watu wanakwenda kwake sasa hivi. Majirani gani hao? Mimi ni mtendaji hapa, sijasikia mtu akisema!"

Niliiweka simu mezani bila kuikata. Limi alikuwa anakula muhogo mlangoni. Nikamwita. Nikamuuliza taratibu, "Limi, hao majirani ni akina nani?"

"Majirani gani, Mama?"

Nikamsomea ile sentensi. Nilimwona anavyobadilika uso. Akachukua daftari lake, akafungua ukurasa, akafungua mwingine, akarudi wa kwanza. Kisha akasema, "Hakuna. Mama, hakuna mtu. Sikuongea na jirani hata mmoja."

Vijana, nimeshuhudia mengi. Nimesimama kwenye ajali za mabasi, nimeandika mafuriko. Sijawahi kushtuka vile. Unajua kosa linalotokana na mtu kukudanganya: unamtafuta, unamuuliza. Hili halikuwa na mtu. Nilikuwa nimesimama mbele ya maneno ambayo hayakutoka kinywani mwa kiumbe yeyote, na maneno hayo wakati huo huo yalikuwa yanatembea njiani Zagayu yameshika fimbo.

Wapo watu sehemu nyingine wanaoweza kudhani uchawi ni neno tu. Ninyi mnaoishi huku mnajua mama mzima anayeishi peke yake, anayepikia kuni hadi macho yakawa mekundu, neno hilo linaweza kumfanyia nini. Sina haja ya kuwaeleza. Bibi zenu wanajua.

Nikaingia studio. Mtangazaji alikuwa katikati ya muziki. Nikashusha sauti mwenyewe, nikavuta kipaza sauti. Nikasema kwa Kiswahili kwamba habari ya Zagayu ina uongo, kwamba hakuna jirani aliyesema, kwamba kosa ni langu. Nikaona haitoshi. Waliokuwa njiani wale walikuwa watu wa kusikiliza kwa Kisukuma. Mnajua kanuni za utangazaji hazituruhusu lugha za makabila, na mimi ndiye niliyekuwa nawakemea watangazaji wakiteleza. Nilisita, nakiri, labda sekunde tano. Kisha nikasema kwa Kisukuma. Nilijitaja jina, nikamtaja baba yangu na kijiji chetu, kama mtu anavyojitambulisha kwenye boma la watu. Nikawaambia: "Mimi ndiye niliyesema uongo. Mwenye hasira asiende kwa Mayu Kwandu, aje kwangu, nipo hapa redioni." Nikarudia. Nikarudia tena. Sitta aliniambia baadaye kwamba aliwasha redio ya simu yake kwa sauti ya juu kabisa, akasimama katikati ya njia akiwa ameinyanyua juu ya kichwa.

Nikampigia mkuu wa polisi, kisha nikamwambia Limi tunakwenda. Mkurugenzi wetu akasema binti abaki, amechanganyikiwa. Nikasema ataendelea kuchanganyikiwa akibaki. Tulikwenda kwa gari la ofisi, na njia nzima dereva alikuwa anarudia, "Watakuwa wamesikia. Watakuwa wamesikia."

Tulipofika, jiko lake la nje lilikuwa limeungua. Paa la nyasi limelala chini linafuka moshi. Zizi limefunguliwa na ndama wamezagaa. Kisha Sitta akatupungia mkono kutoka boma la pili. Jirani wa boma hilo, mama mmoja mnene ambaye alikuwa anatwanga yowe lilipopigwa, alimvuta Mayu Kwandu hadi nyumbani kwake, akamfungia ndani, akaketi mlangoni na mchi mapajani. Bado alikuwa amekaa pale. Hakumpisha hata mtendaji. Wanaume wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walikuwa wamesimama mbali kidogo, baadhi wameshika redio zao ndogo, na polisi wawili walikuwa wamefika kwa pikipiki.

Nilikwenda kwa wale wanaume kwanza. Nikasalimia. Nikamuuliza mmoja, mtu mwenye mvi, "Baba, kabla ya redio, ulimsikia nani akisema maneno yale?"

Akafikiri. "Sikumsikia mtu. Redio ilisema ni majirani, nikadhani ni huyu," akamwonyesha aliye kando yake.

Huyo akasema, "Mimi nilidhani ni wewe."

Wakatazamana. Wakawatazama wengine. Kila mmoja alikuwa ameamini kwamba jirani mwenzake ndiye aliyesema, na kwa kuwa alimheshimu jirani huyo, akachukua fimbo. Mzee yule akakaa chini pale pale kwenye vumbi na kujifunika uso. Na hicho ndicho kilichonipata mimi mezani kwangu. Niliona "baadhi ya majirani", nikadhani Limi kawasikia. Limi aliona mashine imeandika, akadhani imetoa kwenye nukuu zake.

Yule mama alitupisha mlangoni baada ya kututazama kwa muda mrefu. Ndani, Mayu Kwandu alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejifunika khanga, kiganja kimeungua kwa kutaka kuokoa vyombo. Alimtambua Limi. Hakupiga kelele. Nilitamani apige.

"Ng'wanone," alisema, yaani mwanangu, "nilikukaribisha. Nilikupa maziwa. Nilikosea neno gani?"

Limi alipiga magoti. "Hukukosea, Mayu. Si mimi niliyeandika maneno yale. Yaliandikwa na mashine."

Mayu Kwandu akanitazama mimi, kama anayeomba kutafsiriwa, ingawa tulikuwa tunaongea Kisukuma. Kisha akamrudia Limi. "Hiyo mashine ilikuwa imekaa wapi nilipokuwa nazungumza na wewe?"

"Haikuwepo, Mayu."

"Haikuwepo," alirudia. "Na ikajua majirani zangu wanasema nini."

Nilimwambia mimi ndiye mkubwa wa ofisi, mimi ndiye niliyesaini, Limi asilaumiwe peke yake. Akatikisa kichwa tu. Sidhani alikuwa anatusikiliza tena.

Afisa mifugo alifika kesho yake. Ilikuwa ndigana kali, ugonjwa wa kupe. Josho la kijiji la kuogeshea ng'ombe lilikuwa bovu. Ugonjwa huo ndio uliokuwa habari yetu tangu mwanzo. Ilikuwa imelala pale kwenye daftari la Limi, ile nusu ukurasa niliyoiita nyembamba. Tungesema tu alichoambiwa Limi, wataalamu wangekuja na dawa siku ile ile.

Mayu Kwandu hakukaa tena Zagayu. Majirani walimjengea jiko jipya, waliomba radhi mbele ya mtendaji, na wawili waliochoma moto walipelekwa polisi. Alishukuru, akafunga mizigo yake, akahamia kwa binti yake kijijini Lingeka, kule Meatu. Alisema hana ugomvi na mtu, ila kila akisikia redio ya jirani inaanza kupiga mlio wa taarifa ya habari, anainuka na kufunga mlango.

Mkurugenzi alitaka kumfukuza Limi na kupiga marufuku mashine. Nilimpelekea barua ya kuachishwa kazi yenye jina langu juu, nikamwambia aanze na mimi. Na Limi, macho yamevimba, akasema kitu kilichotuzindua: "Mkiipiga marufuku, wenzangu wataitumia wamejifungia chooni, na hapo hamtaiona kabisa." Ndipo tukakaa. Utaratibu mnaoufuata sasa ulitoka kwenye kikao hicho, na sehemu kubwa ni wa Limi. Mashine inapunguza, haiongezi. Pembeni mwa kila sentensi mwandishi anaandika kwa mkono aliyeisema ni nani na walikuwa wapi. Sentensi isiyo na mwenyewe inakatwa, hata iwe tamu namna gani, na hasa ikiwa tamu. Na mtu tuliyemtaja kwa jina tunampigia simu na kumsomea kabla ya hewani. Mnalalamika kwamba inachelewesha. Ndiyo, inachelewesha. Imekusudiwa hivyo.

Nilidhani nimemaliza kushtuka. Wiki ya kustaafu nilifungua kabati langu nipange skripti zangu za zamani, zile za kuchapwa kwa taipureta. Nikasoma moja ya ng'ombe waliokufa Maswa. "Baadhi ya wananchi wanavihusisha vifo hivyo na imani za kishirikina." Nikafungua nyingine, ya mtoto aliyepotea. Maneno yale yale. Nyingine. Nyingine. Nilikaa sakafuni, karatasi zimenizunguka, na nikajaribu kukumbuka wananchi hao walikuwa nani. Sikumkumbuka hata mmoja. Wakati ule tuliona ni maneno ya kawaida ya kujaza habari ya huku kwetu, tulikuwa tunayaweka kama mtu anavyoweka chumvi. Wenzangu wote waliyaweka. Yakachapwa, yakawekwa mitandaoni, na mashine ikaja ikayasoma yote, ikajifunza kwamba habari ya ng'ombe waliokufa na mwanamke mzee inaandikwa hivi.

Haikuyatoa hewani. Iliyatoa kwetu. Ile sentensi niliyoisifia nikiwa nimekaa ilikuwa yangu, na ndiyo maana niliiona nzuri.

Sikulala vizuri siku kadhaa. Najiuliza ni akina mayu wangapi waliosikia sentensi hiyo nikiwa kijana, kabla ya simu, kabla ya mtendaji wa kunipigia. Mzee Nkwabi alishatangulia mbele za haki, na hata angekuwapo ningeogopa kumuuliza, kwa sababu baadhi ya skripti zile zina saini yake.

Mwezi uliopita Limi alinifuata nyumbani. Alitaka twende Lingeka. Alisema anataka kumwomba Mayu Kwandu aeleze kwa sauti yake mwenyewe yaliyompata, ili watu wajue. Nilimwambia ni wazo zuri. Tukaenda asubuhi. Tulimkuta anachambua mbegu, kiganja kimepona ila ngozi imekunjamana. Alitukaribisha, tukala michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga. Limi akaeleza shida yetu kwa heshima, akatoa simu yake, akauliza kama anaweza kurekodi.

Mayu Kwandu akanyoosha mkono. Limi akampa simu. Akanigeukia na mimi, nikampa yangu. Akazichukua zote mbili, akaenda nazo hadi kwenye ghala la mtama upande wa pili wa boma, akaziweka ndani, akafunga mlango, akarudi kukaa.

Kisha akaanza kusimulia. Alianza mbali, kwenye ndoa yake, jinsi mumewe alivyompata, mwaka wa njaa, watoto aliowazika, kila ng'ombe kwa jina lake. Alieleza alichosikia akiwa nyuma ya mlango ule na jirani yake ameketi nje na mchi. Aliiga sauti za watu aliowatambua. Alifika mahali akacheka, nasi tukacheka. Ilikwenda hadi jua likawa utosini. Ni habari kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa kwa miaka thelathini na mmoja.

Tulipokuwa tunaondoka aliturudishia simu zetu, akasema, "Hiyo nimewapa ninyi wawili."

Ndani ya gari Limi alishika daftari muda mrefu, kalamu iko juu ya ukurasa. Akaniuliza, "Mama, niandike ninayokumbuka, hata kidogo, nisije nikasahau?"

Nikamuuliza, "Amesema uandike?"

Akafunga daftari.